Ukarabati wa chumba cha chini: dalili unayoiona leo na kazi iliyorukwa jana

Dar es Salaam kwa sehemu kubwa ni tambarare, na nyumba zenye chumba chini ya ardhi si nyingi. Ila ukipanda Kimara, Goba au Makongo Juu, mambo hubadilika. Kiwanja kiko kwenye mteremko, mwenye nyumba anakata kilima apate usawa wa kujenga, na chini ya sebule kinapatikana chumba ambacho ukuta wake mmoja, pengine miwili, umeegemewa na udongo. Kwa miaka kinakuwa stoo: mbao za mirunda, saruji iliyoganda mfukoni, baiskeli ya mtoto ambaye sasa yuko chuo. Halafu familia inaongezeka, au pesa ya kodi inahitajika, na nyumbani panaamuliwa kwamba chumba cha chini kitengenezwe, tena tutakitengeneza wenyewe, kila Jumamosi na Jumapili, na saidia fundi mmoja.

Ni uamuzi mzuri. Kazi nyingi za chumba kama hiki mtu makini anaziweza. Wengi hawaangushwi na mkono kutojua kushika mwiko, wanaangushwa na foleni ya kazi, yaani ipi itangulie ipi. Tatizo linajionyesha kwenye rangi au kwenye marumaru, yaani mwisho, lakini chanzo chake kiko kazi tatu au nne nyuma. Ukirudia rangi hujatibu kitu. Ndiyo maana hapa tunaanza na dalili, kisha tunarudi nyuma mpaka kwenye kazi iliyorukwa.

Foleni yenyewe ni hii. Kwanza maji ya nje yaondolewe ukutani. Kisha kubomoa, kupanua madirisha na kuimarisha panapohitaji. Yafuate mabomba ya maji machafu yanayopita chini ya sakafu, halafu jamvi, yaani sakafu ya zege. Baada ya jamvi, fremu za milango na madirisha, paipu za umeme na mabomba ya maji safi ndani ya kuta, na kuyapima yote. Hapo ndipo lipu. Subiri ikauke. Kisha dari, skimu ya kulainisha ukuta, rangi ya kwanza, marumaru, milango, rangi ya mwisho, swichi na taa. Kama kuna ukuta utakaobomolewa au dirisha litakaloongezwa, kibali kinaulizwa manispaa kabla nyundo haijagusa tofali. Kwa watu wa Kimara na Goba hiyo ni Manispaa ya Ubungo.

Rangi inavimba na kumenyuka sehemu ya chini ya ukuta

Hili ndilo tatizo kubwa kuliko yote ya chumba cha chini, kwa hiyo nitakaa nalo.

Usikimbilie dukani kununua dawa ya kuzuia maji. Kwanza jua maji yanatoka wapi. Kata karatasi ya nailoni angavu, nusu mita kwa nusu mita, ibandike ukutani kwa gundi ya utepe pande zote nne pasipite hewa, uiache siku mbili. Ukikuta matone upande wa ndani wa nailoni, ule ulioangalia ukuta, na lipu chini yake imegeuka rangi, maji yanatoka ukutani. Ukikuta matone upande wa chumbani na ukuta chini yake ni mkavu, unyevu ni wa hewa, na hilo ni jambo lingine kabisa; liko sehemu inayofuata. Weka karatasi mbili au tatu: moja karibu na sakafu, moja usawa wa kifua, moja kwenye ukuta ambao hauna udongo nyuma yake ili upate cha kulinganisha.

Kama maji ni ya ukutani, umbo la doa litakuambia zaidi. Unyevu unaopanda kutoka chini kwa usawa ule ule pande zote za chumba, na kuishia chini ya mita moja na nusu hivi, ni maji ya ardhini yanayonyonywa na tofali kwa sababu msingi haukuwekewa kizuizi. Madoa yanayokuja kwenye ukuta wa kilima peke yake, yakizidi baada ya mvua na kupungua kiangazi, ni maji ya mteremko yanayousukuma ukuta. Doa lisilojali mvua wala jua, bichi mwaka mzima, litilie shaka bomba. Funga koki zote za nyumba, pamoja na ile ya kujazia tenki, soma mita ya DAWASA, mamlaka ya maji ya jiji, mtu yeyote asitumie maji kwa saa mbili, uisome tena. Tarakimu zikisogea, bomba linavuja, na kazi yako imekuwa ndogo kuliko ulivyoogopa.

Unga mweupe juu ya lipu ni chumvi. Maji yanapopita kwenye tofali na saruji huyeyusha chumvi, huifikisha usoni mwa ukuta, yenyewe yanakauka na kuiacha pale. Iondoe kwa brashi kavu na uifagie itoke nje. Ukiiosha kwa maji unaiyeyusha tena na kuirudisha ndani. Nyumba iliyojengwa kwa mchanga wa pwani ambao haukuoshwa hutoa chumvi hiyo kwa miaka, hivyo kwa lipu mpya nunua mchanga wa mtoni na uulize umechimbwa wapi kabla gari halijamwaga.

Kazi iliyorukwa hapa ni ile ya kwanza kabisa, maji ya nje. Anza na yaliyo rahisi. Gata zimwage maji mbali, zisimwage kwenye kona ya ukuta wa kilima. Ardhi ya juu ya ukuta iwe na mwinamo unaoondoka nyumbani, kama sentimita 15 kwa kila mita 3. Mara nyingi hayo mawili peke yake hupunguza tatizo kwa kiasi ambacho watu hawakitarajii, na gharama yake ni chepe, toroli na jasho.

Yakitosha, simama hapo. Yasipotosha, itabidi kuchimba mtaro upande wa nje kufuata ukuta mpaka karibu na kitako cha msingi, kuusafisha ukuta, kuupiga lipu, kuupaka lami ya maji mapigo mawili, kisha chini kabisa kulaza bomba lenye matundu ndani ya kokoto, na kuzizungushia kokoto hizo kitambaa cha kuchuja ili udongo usizibe matundu. Kwenye mteremko una bahati moja ambayo mtu wa Mikocheni, kule tambarare, hana: maji yana mahali pa kwenda. Bomba lishuke lenyewe mpaka litokeze upande wa chini wa kiwanja, liishie kwenye mfereji. Lisiishie juu ya ukuta wa jirani wa chini, kwa maana hapo umehamisha tatizo tu, na ugomvi utakuja na masika.

Sasa tahadhari ambayo naomba usiipite haraka. Mtaro wenye kina kinachozidi mita moja na robo unaweza kumfukia mtu, na udongo hautoi taarifa. Ukihitaji kina zaidi ya hapo, kingo ziegemezwe kwa mbao na mirunda, au zikatwe kwa mlalo. Udongo uliochimbwa usirundikwe ukingoni. Usichimbe chini ya kitako cha msingi hata kidogo. Wala usiufunue ukuta mzima kwa mara moja: chimba kipande cha mita mbili hivi, kimalize, kirudishie udongo na kuushindilia, ndipo uende kipande kingine. Mvua ikitishia, hakuna mtu anayeingia mtaroni.

Kuhusu dawa za kupaka upande wa ndani: zina nafasi yake, lakini maji yanayosukuma kutoka nyuma huibandua dawa pamoja na lipu iliyoishika. Zipake baada ya maji kuondolewa nje, zisiwe badala ya kuyaondoa.

Mwisho wa sehemu hii ni kalenda. Masika ni Machi hadi Mei, vuli ni Oktoba hadi Desemba. Kazi ya nje ifanyike Juni hadi Septemba, ardhi ikiwa kavu. Halafu iache vuli ikupimie kazi yako. Ukimaliza mtaro Septemba, usipige lipu ya ndani Oktoba kwa sababu tu mifuko ya saruji imeshanunuliwa. Ukuta ukivuka vuli bila doa, Januari na Februari unafunga ndani kwa moyo mweupe. Subira hiyo inauma, hasa mpangaji akiwa amekwisha kupatikana, lakini hakuna kipimo kinachoizidi mvua yenyewe.

Ukungu mweusi kwenye kona, na nguo kabatini zinanuka

Nailoni imekuonyesha matone upande wa chumbani. Ukuta unaoegemewa na udongo hubaki wa baridi kuliko kuta nyingine, na hewa ya Dar ina unyevu karibu mwaka mzima. Hewa hiyo ikigusa ukuta wa baridi inatoa jasho kama chupa ya soda iliyotolewa frijini. Kazi iliyorukwa ni madirisha. Mtu ameweka dari na kupaka rangi kabla hajaamua hewa itaingilia wapi na kutokea wapi, kisha anaona uchungu kubomoa.

Tundu moja halitoshi. Hewa inahitaji njia mbili, ikiwezekana kuta mbili tofauti, moja chini na moja juu. Chumba chenye upande mmoja tu ulio wazi kitahitaji feni ya kutolea hewa, na waya wake ulipaswa kupita kabla ya lipu. Kabati zisibanwe kwenye ukuta wa kilima. Acha upana wa vidole vinne hewa izunguke. Nguo zianikwe nje.

Chumba hiki kikiwa jiko au kikiwa na mpangaji, mweleze wazi: mkaa haupikiwi wala hauachwi ndani ya chumba cha chini, hata mlango ukiwa wazi kidogo. Gesi ya mkaa haina harufu na inaua watu wakiwa wamelala.

Ukungu ulioko tayari hausuguliwi kwa brashi kavu, unarusha vumbi lake hewani na kifuani. Lowanisha, paka dawa ya madoa iliyochanganywa na maji, acha robo saa, kisha futa ukiwa umefunga pua na madirisha yakiwa wazi. Dawa hiyo usiichanganye na kemikali nyingine ya kusafishia choo. Ukungu ukirudi baada ya mwezi, bado hewa haijatatuliwa.

Marumaru zinalia wazi ukizigonga

Chukua sarafu ya shilingi mia mbili, pita ukigonga moja baada ya nyingine. Iliyoshika hutoa sauti nzito na fupi. Iliyoachia hutoa sauti ya debe tupu. Weka alama ya chaki kwenye kila inayolia, kisha simama mlangoni uitazame sakafu nzima kwa pamoja. Hapo utaona usichokiona ukiwa umeinama.

Alama zikiwa zimetawanyika huku na huko, kosa ni la ulazaji: simenti iliwekwa mafungu matano kama vitumbuo na katikati pakabaki hewa, au sakafu ilikuwa na vumbi. Ng'oa hizo tu, safisha, laza upya kwa gundi iliyotandazwa yote na kuchanwa kwa mwiko wenye meno. Alama zikijikusanya eneo moja, tena kuna ufa mwembamba unaokatiza marumaru kadhaa kwa mstari mmoja, basi jamvi lenyewe limetitia. Kifusi chini yake hakikushindiliwa, au kilishindiliwa chote kwa pamoja kikiwa na kina cha nusu mita. Kifusi kinashindiliwa tabaka kwa tabaka, sentimita 15 hivi kila moja, kikiwa kimelowa kiasi. Hapo hakuna njia ya mkato: eneo hilo livunjwe, lijazwe upya, limwagwe zege.

Na ukilivunja, usipoteze nafasi. Nyunyizia dawa ya mchwa, tandaza nailoni nzito, ipandishe kidogo kwenye kuta, maungio yapishane sentimita 30, ndipo zege. Zege limwagiliwe maji siku saba. Linafikia nguvu yake iliyokusudiwa siku ya 28, na marumaru zinaweza kusubiri hadi hapo. Ukingoni mwa ukuta acha mwanya mdogo, sketi ya chini ya ukuta itauficha. Sakafu iliyobanwa pande zote ikivimba kwa joto huinuka katikati.

Maji machafu yanarudi kupitia choo au tundu la bafu

Kuna kipimo cha kufanya hata kabla ya kununua bomba moja. Chukua mpira mwembamba angavu wa mita kumi na tano, ujaze maji pasiwe na povu ndani. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye chemba ya maji machafu iliyo nje, mwingine ashike ya pili chumbani. Maji yakitulia, yako usawa mmoja pande zote mbili, na sasa mnaweza kupima kwa futi ya kupimia: kutoka usawa huo hadi mfuniko wa chemba ni kiasi gani, na hadi sakafu ya chumba ni kiasi gani. Sakafu ikiwa chini kuliko mfuniko wa chemba, siku karo, yaani shimo la maji machafu, likijaa au bomba likiziba, maji machafu ya nyumba nzima yatatafuta tundu la chini kuliko yote, na hilo ni bafu lako jipya. Masika ndiyo yanayolifichua, kwa sababu ardhi ikishiba maji karo nalo halimezi.

Suluhisho la kweli ni njia ya peke yake: choo cha chini kiwe na bomba lake linaloshuka kuelekea karo lililo chini zaidi kwenye mteremko, mwinamo wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Valvu ya kuzuia maji yasirudi husaidia, lakini inahitaji kufunguliwa na kusafishwa, na iliyozikwa chini ya marumaru hakuna anayeisafisha. Mabomba hayo yakishalazwa, ziba ncha ya mwisho, jaza maji, weka alama, yaache yalale usiku kucha. Alama ikishuka, kuna jointi inayovuja. Ni heri kuijua mfereji ungali wazi.

Ukuta umepigwa lipu, sasa unatinduliwa tena

Dalili hii huonekana kwa macho: mifereji mipya ya paipu za umeme juu ya lipu nzuri, na viraka ambavyo rangi haitavificha kamwe. Umeme haukupangwa kwa wakati. Kabla ya lipu, chora kwa chaki ukutani kila swichi, soketi, taa, feni na mahali pa kiyoyozi, pamoja na njia ya bomba lake la maji. Kaa chumbani na watakaokitumia. Mama mwenye nyumba anajua friji itakaa wapi kuliko fundi.

Kazi hii ya umeme mwachie fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Wewe unaweza kutindua na kulaza paipu kwa maelekezo yake. Kwa chumba ambacho maji yanaweza kuingia siku moja, soketi zipande hadi usawa wa mita moja, ethi, yaani waya wa kupeleka umeme ardhini, iwe ya kweli, na kwenye boksi la swichi kuu kiwepo kikata umeme unaovuja cha miliampia 30. Kabla lipu haijafunika, piga picha za kila ukuta, futi ikiwa imenyooshwa kwenye picha. Siku ya kutoboa ukuta kwa ajili ya kabati utajua bomba liko wapi.

Mlango unasugua sakafu na dari linagusa kichwa

Vimo havikuhesabiwa. Siku ya kwanza kabisa, kwa mpira ule ule wa maji, zungusha mstari wa mita moja juu ya sakafu ya mwisho unayoikusudia, kuta zote nne. Kila fundi apime kutoka kwenye mstari huo. Simenti ya kusawazisha hula sentimita 4 au 5, marumaru na gundi yake karibu 2, blandaringi (mbao za kushikia dari) na jipsamu 5 au zaidi. Chumba kilichokuwa na mita 2.4 kinabaki na mita 2.3 kasoro. Kama juu kuna slabu ya zege, fikiria kuiacha bila dari: skimu na rangi moja kwa moja chini ya slabu, ukaokoa kimo na pesa. Jipsamu yenyewe haipendi unyevu, kwa hiyo chumba cha chini kina sababu mbili za kuiepuka.

Nyufa

Nyufa nyembamba kama utando, zimesambaa usoni mwa lipu, ni lipu iliyokauka haraka au yenye saruji nyingi mno. Zisubiri zitulie, kisha skimu. Ufa wa mshazari unaotoka kwenye kona ya dirisha ulilopanua unauliza habari za linta, boriti ya juu ya dirisha: ipo, na imeingia ukutani kiasi gani kila upande?

Ufa wa mlalo katikati ya ukuta wa kilima, au ukuta unaoonekana umetunga tumbo ukiushushia timazi, ni udongo unausukuma ukuta kuja chumbani. Acha kazi zote, ondoa watu wanaolala humo, muite mhandisi wa majengo. Fundi mwenye putti hana kazi hapo.

Pesa imeisha katikati

Hili nalo ni la foleni. Kuna mahali pa kusimama salama na mahali pa hatari. Unaweza kusimama hata mwaka mzima baada ya mtaro wa nje kufukiwa, baada ya jamvi, au baada ya lipu, madirisha yakiwa na nyavu na grili. Usisimame mtaro ukiwa wazi, hasa Februari masika yakinukia. Usisimame mabomba ya maji machafu yakiwa uchi chini ya sakafu iliyovunjwa, maana panya na kokoto vitaingia humo. Na usinunue saruji, marumaru, rangi na jipsamu mapema ukazihifadhi chumba hicho hicho kwa kuogopa bei kupanda: saruji itaganda, jipsamu itavimba, na marumaru zikipungua miezi sita baadaye dukani Kariakoo rangi ile ile unaweza usiipate tena. Pesa ya mapema iende kwenye kokoto, bomba lenye matundu na lami.